Aliyekaa Nyuma ya Mdundo: P-Funk Majani, Uholanzi na Njia ya Prodyuza wa Tanzania

(Mhadhara kwa wazee, walimu na vijana, Ntalikwa, Tabora)



Niliombwa nizungumzie muziki wa kizazi kipya. Nadhani walioniomba walitaka niwataje waimbaji, nani kapanda na nani kashuka. Hao mnawajua kuliko mimi. Leo nataka kumzungumzia mtu ambaye haimbi, hachezi, na kwenye video za nyimbo zake kwa kawaida humwoni. Anaitwa Paul Matthysse, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la P-Funk Majani. Baba yake Mholanzi, mama yake Mtanzania. Damu hiyo ya pande mbili inanipa nafasi ya kuuliza swali lililonileta hapa: kwa nini Uholanzi mtu anayetengeneza midundo hujaza uwanja wa mpira kwa jina lake, na hapa kwetu jina lake huishia kwenye sekunde chache za mwanzo wa wimbo, likitamkwa kwa haraka kabla mwimbaji hajaanza?

Jibu langu nalitoa mapema ili asiyeafikiana nami aanze kuandaa maswali. Halihusu kipaji. Linahusu nani anaandikwa, wapi, na kwa asilimia ngapi. Nitaliweka katika hoja nne. Ya tatu ina fedha ndani, kwa hiyo itakuwa ndefu. Mvumilie mbili za kwanza.

1. Sauti ya wimbo ina mwenyewe

Kwihara ni jirani yetu. Tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 lipo pale, na hakuna mwanafunzi wa Tabora asiyejua jina lake na la Stanley. Sasa waulizeni wanafunzi hao ni nani aliyekuwa akitangulia mbele ya misafara. Alikuwapo kirangozi, mwenye bendera, na ngoma ikimfuata nyuma. Yeye ndiye aliyejua maji yako wapi, ndiye aliyepanga kasi ya mwendo, na wimbo ulianzia kwake mzigo ulipoanza kuuma mabega ya watu. Vitabu vya wasafiri vimejaa habari za wenye mali na hesabu za shanga na vitambaa. Kirangozi anatajwa aliposababisha matatizo.

Prodyuza ndiye kirangozi wa wimbo, na nitaeleza kwa faida ya wazee ambao hawajawahi kuingia studio za siku hizi. Kijana anakuja na daftari la maneno. Hana gitaa, hana bendi, pengine hata sauti yake bado hajaijua. Prodyuza anamwimbisha mara moja bila chochote, anasikiliza, halafu anaanza kupanga: ngoma nzito ianguke wapi, besi ipite chini kwa njia gani, kinanda kiingie au kikae kimya, mwendo uwe wa kutembea au wa kukimbia. Anamsimamisha kijana mbele ya maikrofoni na kumrudisha mstari uleule hadi neno likae mahali pake. Mwimbaji akiondoka, yeye anabaki usiku kucha na sauti zilezile, anainua hii, anapunguza ile. Asubuhi kuna wimbo. Jana yake palikuwa na daftari.

Wazee mnaikumbuka Redio Tanzania Dar es Salaam, na mnamkumbuka fundi mitambo, kwa sababu mtangazaji muungwana hakufunga kipindi bila kumtaja. Lakini aliyezirekodi bendi zetu ni nani? Mkoa huu haukuwa mdogo katika dansi. Kiko Kids ya Salum Zahoro ilitoka Tabora. Nyanyembe Jazz ilikuwa hapa. Tabora Jazz ilikuwa hapa, na Shem Karenga akaja kutoka Kigoma kuipa sauti ambayo hadi leo ikipigwa harusini wazee husimama. Western Jazz ilichezea Dar es Salaam, lakini mwanzilishi wake, Iddi Nhende, alikuwa mtu wa Nzega, na jina la bendi ni la Jimbo la Magharibi, yaani la kwetu. Majina ya viongozi tunayo. Majina ya waliopanga maikrofoni, wakaamua tarumbeta isogee nyuma hatua mbili na gitaa la solo lisikike, hatuna. Kwa miaka mingi bendi zilizotaka kutoa sahani zililazimika kwenda hadi Nairobi, na huko nako tunamkumbuka aliyeimba.

Katika mazingira hayo ya kumsahau aliyekaa kwenye mashine ndipo alipoingia P-Funk. Alisomea ufundi wa sauti Uholanzi, akarudi, na katikati ya miaka ya 1990 akawa na studio yake Dar es Salaam, Bongo Records. Wakati ulikuwa mwafaka. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilikuwa imefungua mlango kwa redio za watu binafsi. Radio One na ITV zikaanza mwaka 1994, na Clouds ikafuata baadaye katika muongo huohuo. Redio hizo zilihitaji kitu cha kupiga mchana na usiku, na vijana waliokuwa wakighani kwa Kiingereza cha kuazima walikuwa wameanza kugundua kwamba Kiswahili kinaghanika vizuri zaidi. Kilichokosekana ni mtu wa kuwatengenezea sauti.

Hakuwa peke yake, na ni haki nimtaje Master Jay wa MJ Records, na yule Mfini tuliyembatiza Mika Mwamba wa FM Studio, na Bonny Love aliyetoka kwenye disko akaingia kwenye studio. Lakini ukichukua nyimbo ambazo zilibadili mjadala wa nchi, utakuta nyingi zimepita Bongo Records. Professor Jay na albamu yake ya mwaka 2001, Machozi Jasho na Damu. Juma Nature wa Temeke. Ngwair na a.k.a. Mimi ya mwaka 2004. Ferooz na Starehe, wimbo uliomfanya kijana akae na mzazi wake wazungumzie ukimwi bila kutazamana pembeni.

Nisimame kidogo kwenye wimbo mmoja, Ndiyo Mzee wa Professor Jay, maana kusema mtu ni hodari bila kuonyesha uhodari wake ni sifa za mezani. Mnaujua: mgombea anamwaga ahadi, umati unaitikia. Ukiusikiliza kwa sikio la fundi, unaona kazi. Sauti ya mgombea iko mbele kabisa, kila silabi inasikika, kwa sababu ahadi isiyosikika haichekeshi. Mdundo umewekwa chini na una nafasi ndani yake. Waitikiaji wanaingia pale pale ahadi inapofika kileleni, si nusu hatua kabla, na ndiyo maana msikilizaji anacheka. Mwitikio ule ungechelewa kidogo tu, mzaha ungekufa na wimbo ungekuwa hotuba. Baada ya miaka 14 mwimbaji huyohuyo aliingia Bungeni kuwakilisha Mikumi, na wabunge wenzake hawakuacha kumkumbusha ule wimbo. Hakuna aliyemkumbusha prodyuza chochote.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Bongo Records. Studio ile ilikuwa kama chuo kisicho na cheti. Vijana walishinda nje wakisubiri zamu, wakisikiliza wenzao kupitia mlangoni, na waliokuwa wagumu kuelewa walirudishwa nyumbani kuandika upya. Wanaolalamika kwamba P-Funk alikuwa mkali wanasema kweli kwa kadiri ninavyosikia, na binafsi naona ukali ule ndio uliotupa nyimbo ambazo miaka 20 baadaye bado maneno yake yanashikika. Leo mtu anarekodi asubuhi, anaachia mtandaoni mchana, na hakuna aliyemwambia kwamba ubeti wa pili ni mbovu.

2. Kule wenzake walikuwa na vituo njiani

Hapa naomba tuvuke bahari kidogo. Mwaka 1969 alizaliwa Breda, kusini mwa Uholanzi, mtoto aliyeitwa Tijs Verwest. Alianza kama DJ wa kawaida kwenye madisko na kuuza santuri dukani. Mwaka 1997 akashirikiana na mwenzake kuanzisha kampuni ya rekodi, Black Hole Recordings. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Tiësto. Mwaka 2003 alijaza uwanja wa GelreDome kule Arnhem, yeye na mashine zake tu, bila mwimbaji wa kuongoza. Tarehe 13 Agosti 2004, timu za mataifa zilipoingia uwanjani Athens kufungua michezo ya Olimpiki, ikiwemo timu yetu, aliyekuwa akipiga muziki wa maandamano yale alikuwa yeye.

Tazameni tarehe. Mwaka uleule wa 2004, prodyuza wetu mwenye nusu ya damu ya Kiholanzi alikuwa Dar es Salaam akimtengenezea Ngwair albamu ambayo ingepigwa kila kona ya Afrika Mashariki. Ufundi wa Tiësto na wa P-Funk ni tofauti, mmoja anatengeneza muziki wa kucheza usiku kucha bila maneno, mwingine anawatengenezea wenye maneno. Sitaki kuwalinganisha nani zaidi. Nataka kulinganisha walichokanyaga.

Kijana wa Kiholanzi aliyetaka kuwa DJ na prodyuza alikuta duka la santuri ambalo ni ajira na shule kwa pamoja. Akakuta madisko yanayomlipa DJ kwa jina. Akakuta redio za muziki wa dansi. Armin van Buuren, aliyesomea sheria Leiden, ameendesha kipindi chake A State of Trance tangu mwaka 2001, na kipindi hicho kimemjengea wasikilizaji nchi baada ya nchi. Akakuta kampuni ndogondogo za kutoa rekodi, mawakala wa kupanga safari, na tangu mwaka 1996 mkutano wa kila mwaka wa Amsterdam ambako wote hao hukutana kufanya biashara. Kipaji cha kijana kiliposimama kwenye kituo kimoja kilikuwa na kituo kingine mbele yake.

Kwetu kulikuwa na studio, redio, na kati yao hapakuwa na kitu. Ulitoka na kanda mkononi ukapanda daladala kuipeleka kwa mtangazaji, na kama hukumjua mtangazaji ulirudi nayo.

3. Fedha hufuata jina lililoandikwa

Ndiyo, wale mliokuwa mkisinzia, tumefika.

Enzi za kaseti biashara ilikwenda hivi. Mwimbaji alilipa studio kwa wimbo mmoja mmoja, au alikopeshwa kwa ahadi. Albamu ilipokamilika alichukua kanda kuu akaenda kwa msambazaji wa Kariakoo. Msambazaji alitaja bei, mara nyingi ya jumla, mara moja, biashara imekwisha. Kuanzia hapo aliyejua kaseti ngapi zimechapwa ni msambazaji mwenyewe. Pembeni yake walikuwapo wa kunakili kwa wizi, na kaseti ya wizi ilifika Tabora kabla ya ile halali, kwa treni ileile.

Prodyuza katika mnyororo huo alikuwa amekwisha kulipwa na kusahauliwa. Wimbo ukipigwa redioni miaka 20, ukipigwa kwenye baa, kwenye basi la kwenda Mwanza, kwenye harusi, kwenye simu yako ukipigiwa na jirani, hesabu yake ilifungwa siku alipokabidhi kanda.

Uholanzi wana chombo kinachoitwa Buma tangu mwaka 1913. Kazi yake ni moja: kukusanya malipo popote muziki unapopigwa hadharani na kuwagawia watunzi. Mwaka 1936 wakaongeza Stemra kwa ajili ya nakala, yaani sahani na baadaye kanda na diski, na mwaka 1993 Sena kwa ajili ya wanaotumbuiza na wenye rekodi. Saluni ikipiga redio inalipa. Baa inalipa. Kituo cha redio kinapeleka orodha ya nyimbo kilizopiga. Na kwa kuwa katika muziki wa dansi mtu aliyetengeneza mdundo ndiye mtunzi wa wimbo wote, jina lake ndilo linaloandikwa kwenye fomu. Fedha zinamfuata hata akiwa amelala.

Msidhani kule ni peponi. Wapo vijana wa Kiholanzi wanaotengeneza nyimbo zinazotoka kwa jina la DJ maarufu, wanalipwa mara moja na kunyamaza. Biashara hiyo inajulikana na kila mtu na haisemwi kwa sauti. Tofauti ni kwamba kule mtu huuza jina lake akijua anauza nini.

Sisi nasi tuna sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ndiyo iliyoanzisha chombo cha kusimamia hakimiliki, COSOTA, na mwaka 2022 COSOTA iligawa mirabaha iliyotokana na muziki uliopigwa redioni na kwenye runinga. Sheria inamtambua mtunzi, inamtambua anayetumbuiza, inamtambua mtayarishaji wa rekodi. Wanasheria mliomo humu mtanikosoa nikikosea, lakini tatizo ninaloliona liko hapa: mtayarishaji anayetambuliwa na sheria kwa maana hiyo ni yule aliyesimamia na kugharamia rekodi. Sasa kijana aliyepanga ngoma na besi, ambaye mwimbaji amemlipa, ni nani? Ni mtunzi mwenza? Ni mwenye rekodi? Au ni fundi wa kukodiwa kama fundi rangi? Palipo na karatasi, karatasi inajibu. Pasipo na karatasi, anajibu mwenye nguvu.

Niwape mfano wa kubuni, msiutafute mtaani. Tuseme kijana wa hapa Ntalikwa anatengeneza mdundo kwa shilingi 50,000. Mwimbaji anaridhika, wanapeana mikono, wanakunywa soda. Miezi sita baadaye wimbo umeshika, kampuni ya simu inauhitaji kwenye tangazo. Mwimbaji anasaini. Prodyuza anasikia mdundo wake kwenye tangazo la runinga akiwa kwa kinyozi. Anapiga simu, anaambiwa, "Si nilikulipa?" Kisheria anaweza kuwa na haki, lakini atathibitisha vipi? Faili liko kwenye kompyuta iliyoungua. Ujumbe wa simu umefutika. Kinachobaki ni jina lake linalotamkwa mwanzoni mwa wimbo.

Na hapa mniruhusu nichokoze. Tabia hii ya prodyuza kutamka jina lake kwenye mdundo wengi huiona kuwa ni majigambo. Mimi naiona ni hati ya umiliki ya mtu asiye na hati. Kama hakuna rejista inayomwandika, anajiandika mwenyewe mahali ambapo hakuna awezaye kufuta bila kuharibu wimbo. Nawaheshimu kwa akili hiyo. Ila hakuna benki inayoipokea.

4. Singeli imefungua njia nyingine, na njia hiyo ina wenyewe

Hoja ya mwisho nitaipitisha haraka kuliko inavyostahili, na nitaanza kwa kuwarudisha Uholanzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Rotterdam, mji wa bandari na wa makuli, ulizaa muziki wa kasi ya kutisha ulioitwa gabber. Paul Elstak alianzisha Rotterdam Records mwaka 1992. Muziki wa kawaida wa dansi ulikwenda kwa mapigo kama 120 au 130 kwa dakika. Gabber ilipita 160 na kuendelea. Watu wa Amsterdam waliudharau kwamba ni kelele za watoto wa vibarua. Leo unasomwa vyuoni.

Dar es Salaam nayo ni bandari. Tandale, Manzese na Mburahati zikazaa singeli, na singeli ikifika mapigo 200 ndiyo kwanza inapasha misuli. Iko inayokimbilia 300. Mizizi yake iko kwenye mchiriku, muziki wa vinanda vidogo vya Casio vinavyopigwa kupitia vipaza sauti vikuukuu hadi sauti inachanika, na kundi la Jagwa lilipeleka sauti hiyo nje kwa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012. Vijana wa singeli waliutupa mkokoteni wa vifaa. Walichukua kompyuta, wakaweka programu ya FL Studio, ambayo kwa taarifa yenu imetengenezwa Ubelgiji, jirani wa Uholanzi, wakakata kipande cha kinanda cha taarabu, wakakiharakisha hadi kinalia kama ndege, wakakizungusha. Juu yake mtu wa mchano anamwaga maneno. Kwenye kigodoro, sherehe ya mtaani ya usiku kucha, DJ hazimi. Redio kubwa ziliukwepa mpaka EFM walipoukumbatia, na mwaka 2016 Hainaga Ushemeji ya Man Fongo ikauvusha daraja.

Kwa mada yetu, jambo kubwa ni kwamba katika singeli prodyuza alisogea mbele. Studio ya Sisso kule Mburahati ilipata wasikilizaji nje kwa jina la prodyuza na la studio yake. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ndugu wa tamasha la Nyege Nyege lililoanza Jinja mwaka 2015, ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Zikafuata kazi za Bamba Pana mwaka 2018, za Jay Mitta na Duke mwaka 2019, na albamu ya DJ Travella, Mr Mixondo, mwaka 2022. Vijana wa uswahilini wakapanda ndege kwenda kupiga kwenye majukwaa ya Ulaya, wakisimama nyuma ya kompyuta kama anavyosimama Mholanzi, na umati ukiwatazama wao.

Nafurahi, na nina wasiwasi. Nafurahi kwa sababu swali langu la mwanzo limepata jibu la vitendo: Mtanzania naye anaweza kusimama jukwaani kwa jina la mdundo wake. Wasiwasi wangu ni kwamba njia ile imepita Kampala na Ulaya bila kugusa ofisi wala redio nyingi za kwetu. Mashabiki wa Berlin wanamjua prodyuza. Tabora wanamjua mtu wa mchano. Rejista inayomwandika kijana wa Mburahati iko nje ya nchi, na siku wapenzi wa muziki wa kule watakapohamia kwenye sauti nyingine, kama kawaida yao, atarudi kwenye nchi ambayo haijawahi kumwandika.

Tunaloweza kuanza nalo hapa

Mheshimiwa Mwenyekiti, naelekea mwisho. Mji huu una vijana wenye kompyuta. Nimepita kwenye vibanda vya kuingizia nyimbo kwenye simu na flashi. Nyuma ya kaunta wengine wana programu ileile ya Mburahati, wanajaribu midundo wateja wakipungua. Mkoa una ngoma ya manyanga, una wazee waliozishuhudia bendi za Tabora zikipiga, una nyimbo za kulima na za kupura ambazo hazijaguswa na mashine yoyote. Hizo ni ghala za sauti. DJ wa Uholanzi angelipa nauli kuzifuata, na asipozikuta na majina ya wenyewe atazichukua kama zilizookotwa.

Ningependa walimu wa shule zilizo karibu wachukue kazi ya kwanza: vijana wawatembelee wazee hao na simu zao, warekodi, na kila faili liandikwe jina la aliyeimba, aliyepiga, mahali, tarehe na aliyerekodi. Hilo la mwisho msiliache. Kazi ya pili ni ya maprodyuza wenyewe na inahitaji kalamu tu. Nimeandaa fomu ya ukurasa mmoja, nakala ziko kwa katibu. Ina jina la wimbo, aliyetunga maneno, aliyetunga sauti ya kuimba, aliyetengeneza mdundo, aliyegharamia rekodi, na sahihi zao pamoja na shahidi mmoja. Inajazwa kabla maikrofoni haijawashwa, watu wakiwa bado wanapendana. Baada ya hapo inapelekwa kusajiliwa.

Safu moja nimeiacha tupu kwa makusudi, ile ya asilimia. Mimi binafsi naona mdundo ukitengenezwa upya kwa ajili ya wimbo huo, aliyeutengeneza ni mtunzi kamili, na nusu kwa nusu na mwenye maneno ndiyo pa kuanzia mazungumzo. Ukiwa mdundo ulionunuliwa umeshatengenezwa, pungufu ya hapo. Najua waimbaji waliomo humu hawakubaliani nami. Wawili wameshainua mikono. Mwenyekiti, naomba waanze hao, halafu maprodyuza wajibu, na katibu aandike viwango vyote vitakavyopendekezwa ili tuvipeleke pamoja na fomu.